Kikwembe cha Mama Godelieve

Kwa kudanganya, Mama Godelieve ni wa kwanza mtaa wote wa Bel-Air. Shida yake ni moja tu: hakuna aliyewahi kumwamini.

Muntu wa lampo, yule mtoza kodi, alikuwa ameketi sebuleni kwake, fomu mapajani. Chama cha kutunza imbwa, kama hiki chake, hakilipi kodi, mradi kisiende kwa wakubwa wa mji, kama maire, kudai sheria zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kikizidisha, kinalipa kama duka, na imbwa thelathini wa uani wanarudi barabarani, kwenye sumu wanayowekewa imbwa wasio na mwenyewe.

"Mama, mwaka huu mulienda kwa maire mara ngapi?"

"Mara moja tu, Papa. Shiye tunaosha bidonda ya imbwa, basi."

Akaandika moja. Mama Godelieve akapumua, akarudisha mawani yake puani.

"Sasa unipe mayi, Mama."

Hapo ndipo alipokumbuka kikwembe alichovaa. Wamama wa chama walikichapisha kwa ajili ya matembezi yao ya kwenda kwa maire. Mbele kilikuwa maua matupu. Picha na maandishi, fundi aliyaweka nyuma, sawasawa kwenye makalio.

Akaondoka kinyumenyume akitabasamu, kama anayeagana na askofu. Mlangoni akamkanyaga imbwa aliyelala. Imbwa akalia, naye akageuka.

Muntu wa lampo akasoma polepole: "Bwana Maire, sheria ya kukataza sumu! Tunarudi mara ya tano mwaka huu."

"Iko ya kuazima, Papa," alisema, bado amempa mgongo. "Ya jirani."

"Na huyu mama anayenichekea hapa kwenye picha, na mawani yako, ni jirani?"