Jibu la Tatu

Siku hizi anayeomba kusomea sheria hupewa mtihani wa ufahamu wenye kifungu cha habari kilichoandikwa na mtu wa nyumbani kwake. Mashine iliyousikiliza moyo wa mwandishi ndiyo inayojua jibu sahihi.

Zamda alipewa kifungu cha mumewe, Shekue. Kilihusu chai anayomtilia mkewe kila asubuhi, mvuke wa iliki ukielea chumbani kama ndoto.

"Mwandishi ana mtazamo gani juu ya mkewe? Anampenda, anamheshimu, au amemchoka na anamwonea huruma?"

Zamda akarudia kusoma, polepole. Akachagua la tatu, akiomba awe amekosea.

Jioni Shekue aliingia na matokeo kwenye simu, akicheka. "Hongera, mama! Hukukosa hata moja!"

Kisha akamtilia chai, kwa upole uleule.