Kikao Kisichorekodiwa

"Toa hilo la kutorekodi, mzee, nikupitishe leo leo," Dakta Muriuki alisema kwenye simu. "Ukikataa, proposal yako inalala."

"Ilale," Libère Niyongabo akajibu. "Hata mimi nimewahi kulala njaa, na nikaamka."

Dakta akacheka, kicheko cha mtu aliyekaa kwenye kiti laini.

Huyu Muriuki ndiye mwenyekiti wa Maktaba ya Sauti, maktaba isiyo na kitabu wala mlango. Iko kwenye kompyuta tu: hadithi na nyimbo za watu waliotawanyika. Kila mwaka hutangaza kwa mbwembwe, leteni mapendekezo ya vikao vya mkutano mkuu. Na kila mwaka vikao huchukuliwa na rafiki zake wa Quakers Hill, mtaa wao huko ughaibuni, wakaelezana yale waliyoelezana mwaka uliopita. Mwaka huo wa Korona mkutano ulikuwa wa Zoom, kwa hiyo hata sambusa hazikuwapo.

Libère, msafishaji wa maghala wa mtaa wa Minto, jiji hilo hilo, aliomba saa moja. Kikao alikiita "Warundi Wanavyoondoa Msiba". Kwao, mwaka ukipita baada ya maziko, koo mbili hukutana, mkubwa wa upande wa marehemu husema maneno, watu hunywa, msiba unaisha. Hilo huliita kuganduka. Msemaji angekuwa mzee Lazare, aliyebaki kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Siku ya mkutano maktaba ingelipia intaneti ya kambi. Siku nyingine Lazare hapatikani, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Kungoja mwakani? Nani amjuaye mtu wa mwakani.

Wakubwa hawakuliona hilo. Waliiona sheria yao tu, kwamba kila kikao kirekodiwe.

"Sasa maktaba bila rekodi ni nini?" Dakta akauliza.

"Maneno hayo hayawekwi kwenye mashine."

"Kwani ni siri?"

"Si siri. Yanasemwa, yanaisha. Ndiyo kazi yake."

"Mzee, hiyo ni mindset ya zamani. Culture yetu inapotea hivyo hivyo."

Libère akakaza meno. Wakubwa ni wale wale, uwapeleke nchi gani. Serikali ilikuwa imemfungia Minto, helikopta ya polisi juu ya paa, asiende mbali, asikaribishe mtu ndani, huku matajiri wa ufukweni wakiota jua na kupigwa picha. Na huyu naye, aliyeingia nchi hii na viza ya shule na sanduku la magurudumu, anamfundisha yeye jinsi vitu vinavyopotea.

"Basi tuache," Libère akasema.

"Dakta, ngoja." Ilikuwa sauti ya Waceke, katibu, aliyekuwa kwenye simu hiyo hiyo. "Mfadhili anaingia kutuangalia siku hiyo. Kwenye ratiba hatuna refugee hata mmoja."

Dakta akakohoa kwa adabu mpya.

"Sawa, mzee wangu. Hatutarekodi. Lakini kiwe interactive, tafadhali. Kama igizo hivi. Watu waone, wasihubiriwe."

"Wataona."

"Waigizaji utapata?"

"Watu ninao."

Jumamosi ikafika. Libère alivaa suti, akaegemeza simu kwenye birika, akaweka kikombe mbele yake. Ikirezi, binti yake anayehudumia wazee mtaa wa Toongabbie, akatokea kwenye kioo cha simu akiwa na kitenge kilichopigwa pasi na kikombe chake mwenyewe. Safari ya kuja Minto ilikuwa marufuku.

"Papa, umekula?"

"Baadaye."

Kambini watu walikuwa wamejazana darasani, wengine wakichungulia dirishani. Lazare alikaa mbele, amekonda, koti limempwaya.

"Karibuni sana!" Dakta Muriuki akafungua. "Tumekuwa na vikao vizito asubuhi nzima, sasa tuchangamke kidogo. Waigizaji wetu, jukwaa ni lenu."

Mfadhili, mzungu mwenye miwani mikubwa, akapunga mkono.

Lazare akainuka polepole. Akasema kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

"Shemeji Libère. Tulikupa mtoto wetu, ukamtunza mpaka pumzi ya mwisho. Ulilia peke yako huko, sisi tukalia huku, maana njia zilifungwa. Leo machozi tumeyaweka chini. Lala usingizi. Cheka. Ukiona mke wa kuoa, oa, hakuna wa kwetu atakayekununia. Verdiane apumzike."

Akanywa. Darasa zima likanywa. Libère akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Ikirezi akanywa, akajifunika uso na kitenge.

Dakta Muriuki alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Wow! Jamani, hii ni talent! Mzee Lazare, umewahi kufanya theatre? Mfadhili wetu ameniandikia hapa, anasema hakuelewa hata neno moja lakini amelia." Akasogea karibu na kamera, akapunguza sauti kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Mzee Libère, najua tulikubaliana. Lakini kitu kizuri hivi kipotee? Mrudie kidogo tu, kuanzia pale pa kunywa. Waceke atarekodi."

Kambini mtu alimfunga Lazare vifungo vya koti. Kisha Ikirezi akafungua sauti yake.

"Turudie vipi, Dakta? Mama alikufa mara moja."