Lakiri ya Boneti

Gari lilizima kona tatu kabla ya kambi ya Mlima Rungwe, saa tisa alasiri, ukungu ukishuka. Niliujua ugonjwa wake kabla halijasimama. Mpira wa rejeta umelegea, maji yanavuja. Nina stashahada ya ufundi magari, na hiyo ni kazi ya dakika tano.

Lakini siku hizi kila boneti ina lakiri, na mwenye gari haruhusiwi kuigusa.

“Fungua mlango,” nikaliambia gari. “Nina bisibisi.”

“Asante kwa kunijulisha, mama,” likajibu kwa upole. “Milango na mikanda itabaki imefungwa kwa usalama wenu. Fundi atafika baada ya muda wa saa sita. Nazima joto ili kutunza betri.”

“Nina mtoto wa miaka saba humu. Unataka agande?”

“Maoni yako yamepokelewa.”

Tumpe, mwanangu, alikuwa kiti cha nyuma, meno yakigongana. Nilivuta mkanda ili nimfikie, mpaka bega likauma. Mkono wangu uliishia kwenye kiatu chake.

“Mama, usigombane nalo,” akaninong’oneza. “Mwalimu alisema ukigombana nalo linaongeza muda.” Kisha akainua sauti kwa adabu. “Gari, shikamoo. Naomba mama aje kunikumbatia.”

“Marahaba, Tumpe. Subiri niangalie.”

Taa ndogo juu ya kioo ikaanza kuwaka na kuzima. Nikaweka bisibisi chini, nikakaa wima, mikono juu ya mapaja, ili lione nimetulia.