Kizingiti Kifupi

Kizingiti cha sumu kilikuwa kifupi kuliko cha dawa.

Mkokotoaji aliikodolea macho skrini. Kazi yake ilikuwa kuitabiri kemia kwa kompyuta kabla mtu hajagusa chupa. Metali ya paladiamu ikichochea mchanganyiko, molekuli zina njia mbili, nazo hufuata ile yenye kizingiti kifupi, kilima cha nishati kilicho rahisi kuvuka. Moja huzaa dawa. Nyingine huzaa mvuke unaoua kwa pumzi chache.

Kwa miezi kompyuta ilisema dawa. Lakini aliyemchorea molekuli inayoishika paladiamu ni shemeji yake, mkemia wa maabara ya chini, na aliichora bila mikia, yale matawi marefu ya pembeni. "Mikia ya nini, shemeji? Itakuchelewesha bure." Wakokotoaji wote huikata, hesabu iwe nyepesi. Leo, kwa ukaidi tu, aliirudisha. Majibu yakapinduka.

Na shemeji alikuwa anaweka paladiamu asubuhi hii.

Alipiga simu. Haikupokewa. Akateremka ngazi kama aliyefukuzwa na nyuki, akimwona akilini dada yake amekuwa mjane, mimba tumboni.

Shemeji alikuwa amempa mgongo, kainamia chupa iliyozunguka taratibu.

"Usiweke! Mikia ndiyo inayogeuza mambo. Utajiua!"

"Punguza mbio, shemeji. Ukivunjika mguu nitamjibu nini dada yako?" Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Si utani huu. Umeshaweka?"

"Bado. Afadhali umekuja, nilikuwa nataka kukuita. Funga mlango, tusiwatie watu kiwewe."

Akaufunga. Ukajibana wenyewe, mlango usiofunguka ila kwa kadi ya shemeji. Amewahi!

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani? Nimekuja moja kwa moja kwako."

"Wewe ndugu wa kweli."

Shemeji akamimina unga mweusi wa paladiamu chupani, wote kwa mkupuo mmoja, kisha akageuka. Alikuwa amevaa barakoa ya gesi.

Upande wa pili wa dirisha la kioo, mwanamume mwenye suti alikuwa amevuta kiti, ametulia kama anayesubiri mpira uanze.

"Nisamehe, shemeji. Mteja amekataa kununua kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi."