Mkate wa Wasio na Jamaa

Katika mkoa mmoja, mkate wa moto ulikuwa haki ya wasio na jamaa, nao waliupokea kwenye benki ya chakula. Wengine wote, hata waokaji wenyewe, walikula wa jana. Tulizo, mwoka mikate, aliitii sheria hiyo hadi mama yake alipobaki kibogoyo, akaanza kukonda. Ndipo akamwandikisha kuwa mkiwa, akamfundisha la kujibu.

Leo, alipopeleka mikate kwenye benki hiyo, alimkuta mama akila kwa ufizi, mashavu yamejaa. Moyo wake ukatua.

"Bi Nangoma, huyu ni nani wako?" mashine ya ukaguzi ya mlangoni ikauliza.

"Mwoka mikate tu, mwanangu," mama akaijibu mashine bila kupepesa macho. "Mimi sina mtu."

Tulizo akashusha pumzi. Mama alikuwa amejifunza vyema, vyema kupita alivyofundishwa.