Mkono Mpya wa Koplo Ngasa

Siku hizi askari aliyepoteza mkono hupewa mkono wa yeyote aliyekufa vitani, awe wa kwetu au wa adui. Ila mkono ukionyesha kukumbuka chochote, sheria inataka urudishwe hospitali ukatwe.

Koplo Ngasa alikuwa amekaa kibarazani na binti yake, Kabula, mkono wake mpya wa kulia ulipoanza kumsuka mtoto nywele. Wa kushoto ulifuata tu.

"Baba, umejifunza wapi?" Kabula aliuliza huku akicheka.

"Hata mimi sijui, mwanangu. Tulia."

Mkewe, Nyamizi, alitoka jikoni akainama kutazama.

"Baba Kabula, huu ni msuko wa ng'ambo ya mto, wa adui," alisema kwa sauti ya chini. "Majirani wakimwona?"

"Watanishtaki, mkono ukatwe. Nami nashindwa kuuzuia, sijui hata nimzuie nani."

Nyamizi alitundika kitenge mbele ya kibaraza, wapita njia wasione.

Nywele za Kabula zilikuwa fupi, zikaisha mabegani. Lakini vidole vya mkono mpya viliendelea kusuka hewani, taratibu, vikishuka hadi kiunoni, zilikofika nywele za mtoto mwingine.