Mlio wa Mwamba

Kila zamu ilianza kwa mlio. Mzee Lugwisha, msimamizi, alitangulia handakini na mtaimbo akagonga dari la mwamba, na wachimbaji wakasubiri neno lake. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliolegea hulia kama mtungi mtupu.

Asubuhi ile aligonga mara tatu.

"Mzima. Ingieni."

Nyanzala, naibu wake na mwanamke pekee mgodini, alisikia mtungi. Alijua pia jambo ambalo kwa miezi hakuthubutu kulisema: mashine za kutoboa zilikuwa zimeyamaliza masikio ya mzee aliyemfundisha kazi.

"Simameni!" alisema. "Haingii mtu."

"Mama keshaogopa," mchimbaji mmoja akacheka. "Sisi tunamsikiliza mzee."

Mzee alikuwa akitazama midomo yao. Nyanzala akamsogelea.

"Baba, naomba mkono wako."

Akaubandika mkono ule mkavu kwenye mwamba, akachukua mtaimbo, akagonga pembeni yake taratibu. Mwamba ukatetemeka chini ya kiganja.

Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama mtu.

"Tokeni," akasema. "Mmemsikia msimamizi."

Kwa desturi ya mgodi, msimamizi hutoka wa mwisho. Wachimbaji walipokwisha kutoka, wale wawili walibaki wamesimama, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mzee akautazama mtaimbo mikononi mwa Nyanzala, akainamisha kichwa chenye taa, akatangulia.

Nyanzala akabaki nyuma, akisikiliza hatua zake mpaka zikaishia gizani.